Tupeane uzoefu: Kubadilisha redio na ramani za kiwandani kwenye gari la zamani la Kijapani

Mkazi wa Tabata

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Naomba uzi huu uwe wa watu waliokwisha kuitoa redio ya kiwandani kwenye gari la zamani na kufunga nyingine, kila mmoja aeleze yaliyomkuta mwenyewe, kwa sababu ushauri wa jumla nimeupata mwingi na haujanisaidia. Naanza mimi.

Gari langu ni Toyota Premio ya 2008. Lilipotoka bandarini lilikuwa na redio yenye skrini, ramani na diski, maandishi yote yakiwa ya Kijapani na ramani yenyewe ikiwa ya Japani tupu. Kila asubuhi nikizungusha funguo, sauti ya mwanamke ilinieleza jambo ambalo baadaye nilitafsiriwa kuwa kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Hilo halikunisumbua. Lililonisumbua ni masafa. Redio za Japani za miaka ile hupokea FM kuanzia 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu zimepangwa kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo nilibaki na zile chache zilizo chini ya 90. Nikafunga kwanza kile kidude kinachochomekwa kati ya waya wa antena na redio ili kushusha masafa, ambacho wauzaji hukiita ekspanda. Changu kilishusha kwa 16, yaani stesheni ya 101 niliipata kwenye 85, lakini iliyo juu ya 106 haikufikika, na zile zenye nguvu zilikuwa zikipandana hata nikashindwa kufuatilia taarifa ya habari. Nilivumilia hivyo mwaka mzima.

Mwaka jana nikanunua redio ya Android Kariakoo, na muuzaji akaniitia fundi. Fundi alikuja na koleo. Alikata soketi zote mbili nyuma ya redio ya zamani, akamenya waya kwa meno, akaziunga rangi kwa rangi, nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, kisha akazungushia solotepu. Redio haikuwaka. Akafungua zile alizounga, akaziacha zikining'inia, akavuta waya mpya kutoka kwenye boksi la fyuzi na kuufunga pamoja na ule wa njano na ule mwekundu wa redio. Ikawaka, tukashukuru, nikamlipa.

Wiki mbili baadaye nilisafiri kwa basi kwenda Morogoro kwa siku nne. Niliporudi, gari halikuwasha hata taa moja ya dashibodi. Jirani yangu mwenye mita alipima umeme unaotoka kwenye betri wakati gari limefungwa na funguo ziko mfukoni mwangu, akakuta ampea 0.4. Betri ni NS60 yenye ujazo wa Ah (ampea-saa) 45, na ampea 0.4 kwa saa 96 ni zaidi ya Ah 38, yaani karibu betri nzima. Tangu siku hiyo nachomoa fyuzi ya redio kila jioni, na kila asubuhi redio inaanza upya kana kwamba haijawahi kunijua: stesheni zimefutika, simu haijaunganishwa, saa imepotea. Spika za nyuma nazo hazijatoa sauti tangu alipofunga. Nani aliyewahi kupita hapa?

Mama Ilham

Pole sana kaka. Balaa langu halikuanzia kwenye waya, lilianzia kwenye kadi.

Nina Ractis ya 2011 yenye redio ya Toyota inayosoma ramani kutoka kwenye kadi ndogo ya SD. Mwanangu aliichomoa, akaona ni kadi kama kadi nyingine, akaifuta ili aweke kaswida na nyimbo zake. Alipoirudisha, skrini ilijaa maandishi ya Kijapani na haikukubali chochote tena, si redio wala CD. Nilielekeza kamera ya simu kwenye maandishi yale, programu ya kutafsiri ikanieleza kuwa natakiwa kuingiza kadi sahihi ya ramani. Wapo mafundi wanaofungua redio za namna hiyo kwa namba ya siri inayotokana na namba ya mashine yenyewe, na nilimpata mmoja Sinza, lakini nilijiuliza kwa nini nilipe kufungua redio ambayo ikishafunguka itarudi kuishia 90. Nikaamua kubadilisha.

Hapo nilijifunza jambo la vipimo ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia. Redio nyingi zinazouzwa zina upana wa takriban milimita 180 na kimo cha 100, lakini nafasi ya redio kwenye Toyota nyingi za soko la Japani ina upana wa milimita 200. Ya kwanza niliyouziwa iliacha pengo la upana wa kidole kila upande, na nyuma ya mapengo hayo mtu aliweza kuziona waya. Nilirudi siku ya pili na vipimo vyangu kwenye karatasi, nikapata iliyokuja na fremu ya Ractis yenyewe, pamoja na soketi zake.

Kamera ya nyuma ndiyo iliyoniumiza zaidi. Gari lilikuja nayo kutoka kiwandani, ikionyesha vizuri kabisa. Fundi aliipa umeme kutoka kwenye taa ya rivasi, ambao ni wa volti 12, nayo ikaonyesha picha kwa muda mfupi, kisha skrini ikawa nyeusi moja kwa moja. Baadaye nilielezwa kuwa kamera za kiwandani za Toyota nyingi hutumia volti 6, na kwamba kuna kifaa kidogo cha kushusha umeme kinachotakiwa kufungwa kati. Kamera yangu ilikuwa nzima kwa zaidi ya miaka kumi, ikaungua mchana mmoja. Dada zangu na kaka zangu, ulizeni swali hilo kabla fundi hajagusa kitu.

Fundi wa Gerezani

Mkuu wa Tabata, nimesoma maelezo yako mara mbili, na naamini naliona kosa lilipo hata bila kuliona gari. Nafanya kazi ya umeme wa magari, na hili nalikuta karibu kila wiki.

Rangi za waya wa redio ya dukani zina utaratibu wake: njano ni umeme wa kudumu unaotunza kumbukumbu, nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha funguo, nyeusi ni bodi, yaani ule unaofungwa kwenye chuma cha gari. Rangi za Toyota ni utaratibu mwingine kabisa. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo kuna soketi mbili, moja ya pini 10 na moja ya pini 6. Katika ile ya pini 10, umeme wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, umeme wa funguo ni wa kijivu, na bodi ni wa kahawia. Sasa tazama ile ya pini 6: ina nyekundu, nyeupe, nyeusi na njano, na zote nne ni za spika za nyuma. Nyekundu na nyeupe ni spika ya kulia, nyeusi na njano ni ya kushoto. Fundi wako aliunga rangi kwa rangi, kwa hiyo alikuwa anautafuta umeme kwenye spika zako za nyuma. Ndiyo maana redio haikuwaka, na ndiyo maana spika hizo zimenyamaza hadi leo, kwa kuwa bila shaka ni zile waya alizoziacha zikining'inia.

Alipofunga njano na nyekundu kwenye waya mmoja wa kudumu, redio haikupata tena habari kwamba umezima gari. Unabonyeza kitufe, skrini inazimika, lakini ndani inaendelea kufanya kazi usiku kucha. Angezifunga zote mbili kwenye umeme wa funguo, betri ingepona ila ungepoteza kumbukumbu kila unapozima, kama unavyopoteza sasa unapochomoa fyuzi.

Tafuta soketi za Toyota za kuchomeka, zinauzwa jozi na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na redio. Kwa kuwa zako za kiwandani zimekwisha kukatwa, itabidi uzirudishie pia, na hapo usikubali kuunga kwa kusokota. Waya ziunganishwe kwa kulehemu na kuvishwa mpira unaosinyaa kwa moto, kwa sababu solotepu kwenye joto la dashibodi ya Dar es Salaam hutoa gundi na kuachia. Na kila waya upimwe kwanza kwa mita, hata huo niliokutajia rangi yake, maana magari hutofautiana na mengine yamekwisha kuchezewa na watu kabla yako. Mimi mteja akiniambia kuwa fundi wa awali "aliweka sawa tu", naanza kupima upya waya wote.

Dereva wa Mbagala

Naongeza upande wa ramani, kwa kuwa nafanya kazi ya kusafirisha abiria na ramani ndiyo riziki yangu. Gari langu la zamani lilikuwa na ramani ya diski. Siku moja tarehe yake ilirudi nyuma zaidi ya miaka 19, nami nikadhani ni betri. Nilikuja kuelewa kwamba mitambo ya GPS ya zamani huhesabu wiki hadi 1024 kisha huanza tena sifuri, mara ya mwisho ikiwa Aprili 2019, na kifaa kisichosasishwa hupotea hapo.

Kwenye redio ya Android, jambo lililonisaidia kuliko yote ni mahali pa antena ya GPS. Fundi aliitupa nyuma ya redio, chini ya vyuma, na mshale ukawa unaniweka mtaa wa pili kila nikiingia Kariakoo. Nilimwomba aipandishe juu ya dashibodi karibu na kioo cha mbele, uso wake ukitazama juu, na tofauti niliiona siku hiyo hiyo. Pale Ubungo, kwenye daraja la Kijazi lenye barabara za juu na chini, bado huchanganya kidogo, nami huangalia vibao. Pakueni ramani ya Dar es Salaam yote mkiwa nyumbani, kwa kuwa bando likiisha katikati ya Barabara ya Mandela mtapotea. Pia msinunue redio yenye RAM ya GB 1: ramani na muziki vikiwaka pamoja, inaganda.

Mkazi wa Tabata

Ndugu zangu, narudi na shukrani. Jumamosi nilikwenda kwa fundi mwingine nikiwa na maelezo ya Fundi wa Gerezani yameandikwa kwenye karatasi. Tulipotoa redio tulikuta waya nne zikining'inia, nyekundu, nyeupe, nyeusi na njano, kama ilivyoandikwa hapa. Ule wa kijivu ulikuwa umekunjwa na kufichwa chini, haujaguswa, na mita ikasoma volti 12 mara tu nilipozungusha funguo. Kazi ilichukua saa tatu, nyingi zikiwa za kulehemu. Tulifunga gari, tukasubiri kama nusu saa, tukapima betri: ampea 0.02. Fyuzi sijaichomoa tangu siku hiyo, na stesheni zangu zipo.

Spika ya nyuma ya kushoto inaimba vizuri. Ya kulia inakoroma sauti ikipanda, na fundi ameniambia kuwa karatasi yake imechanika. Mwenye kujua zinapopatikana za inchi 6 zinazoingia kwenye Premio bila kutoboa mlango anielekeze.