Tupeane uzoefu: malezi ya nyumbani yalivyotufuata mpaka kwa wapenzi wetu

Kijana wa Kizota (mleta mada):
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 27, nimepanga chumba na sebule hapa Dodoma. Wiki iliyopita mchumba wangu amefungasha begi akaenda kwa dada yake. Akiwa mlangoni akaniambia, "Ukiwa na neno na mimi, niambie mimi. Nimechoka kuletewa maneno yako na shoga zangu."

Nikakumbuka nyumbani. Mama akikasirika hakuwa mtu wa kelele, alikuwa ananuna. Siku mbili, tatu, kuna mara ilifika wiki. Posta nilikuwa mimi. "Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari." Baba yuko hatua tatu kutoka hapo, kasikia kila kitu, lakini anasubiri nifike. "Mwambie mama yako nimesikia." Nilikuwa darasa la pili. Ndani ya hizo hatua tatu nilishajua kuyapunguza makali maneno ya huyu kabla hayajafika kwa yule.

Leo nikikwazana na mtu ninayempenda, mdomo unajifunga wenyewe, natafuta wa kumtuma. Kuna mwingine aliyekuta ukubwani kitu cha nyumbani kwao? Tusimulie. Wa kutukana apite kimya.

Mzee wa Kahawa:
Vijana wa siku hizi bwana. Sisi tulichapwa, tukaoa, tukazaa, maisha yakaenda. Mkishindwa kuishi na watu mnawasingizia mama zenu.

Mjukuu wa Bibi:
Shikamoo mzee. Hakuna aliyeshtakiwa hapa, tunasimulia tu.

Mimi nimelelewa na bibi, Korogwe. Mama alikwenda Oman kufanya kazi za ndani nikiwa na miaka 4, akarudi nina 13. Hela ilikuja kila mwezi, na kila Idi begi la nguo, nyingine zinanimeza, nyingine hazipiti mabegani, kwa sababu alikuwa anakisia. Siku aliyorudi nilimwamkia "shikamoo shangazi", halafu nikakimbilia jikoni kwa bibi. Mbele za watu alicheka. Usiku nilimsikia.

Sasa mwanamume akiniambia anasafiri, hata kama ni Morogoro siku mbili, naanza kumchukia kabla hajapanda basi. Nimeachana na watatu hivyo. Wawili walikuwa na safari za kazi, wa tatu alikuwa anakwenda kumzika babu yake. Huyo wa tatu mpaka leo namwonea aibu.

Na msiseme nilikosa upendo. Bibi alinidekeza mpaka majirani wakamsema. Marafiki wa kike ninao wa miaka 15 na hatujawahi kununiana. Ni mwanamume na begi tu, vikikaa pamoja navurugika.

Msomi Njaa:
Dada umegusa nilichosomea (na ambacho hakijanipa ajira, lakini tuyaache). Kuna mtafiti, Mary Ainsworth, alikuwa Uganda mwaka 1954 na 1955. Akawa anawatembelea akina mama wa Kiganda majumbani kwao, vijiji vya karibu na Kampala: mama 26, watoto 28. Kitabu chake kikatoka 1967. Kwa hiyo hizi habari za mtoto kushikamana na mzazi, mnazozitazama kwenye video za Wamarekani, sehemu ya chimbuko lake iko hapa jirani. Aliona kwamba mama anayeweza kumweleza mtoto wake kwa undani, akilia hivi anataka hiki, mtoto wake hutulia, na huthubutu kutambaa mbali akijua atarudi. Aliona pia kuwa watoto hushikamana na wengine wa nyumbani, si mama peke yake. Bibi anahesabika.

Mwaka 1987 watafiti wengine, Hazan na Shaver, wakalipeleka jambo hilo kwa wapenzi. Waliweka dodoso kwenye gazeti la Denver, na zaidi ya nusu ya waliojibu wakajiweka kundi la waliotulia. Kwa hiyo Mzee wa Kahawa huenda yuko sahihi kabisa, kwa upande wake.

Bodingi Milele:
Mimi ni wa Nakuru. Nilipelekwa shule ya bweni darasa la tatu. Siku ya wazazi ukilia wakiondoka, wenzako watakucheka mpaka muhula uishe. Nikaacha kulia.

Mwaka jana mke wangu alipoteza mimba. Niliosha vyombo, nikafua, nikalipa bili ya hospitali, nikapika uji. Yeye alitaka tu nikae kitandani tulie pamoja. Sikuweza. Bado tunaongea kuhusu hiyo siku.

Mjukuu wa Bibi:
Pole sana kaka.

Fundi Rangi:
Mimi niongeze hali ya moyo, maana naona tunazungumzia wazazi peke yao. Mwaka juzi nilikaa miezi 8 bila kazi, nikaingia kwenye sonona. Jina lake sikulijua, nilidhani ni uvivu. Usingizi hakuna, ugali kama karatasi. Mpenzi wangu akiandika "sawa", mimi nasoma "nimekuchoka". Tiki zikiwa za bluu na jibu hakuna, nishamwona yuko na mtu.

Kipindi hichohicho nilimwambia nesi wa afya ya akili kwamba mama hakuwahi kunipenda. Ushahidi nilikuwa nao: fimbo, matusi, siku aliyonisahau shuleni mpaka giza likaingia. Nikatumia dawa, nikaenda kuzungumza na huyo nesi miezi kadhaa. Taratibu vikaanza kurudi vingine. Mama amenibeba mgongoni usiku kwenda zahanati, nina malaria, mvua inanyesha, kandambili moja imebaki kwenye tope na hakurudi kuichukua.

Fimbo zilikuwepo na mgongo ulikuwepo. Ila wakati ule kichwa kilinionyesha fimbo tu. Kijana wa Kizota, unalala vizuri lakini?

Msomi Njaa:
Fundi, hilo watafiti wamelipigania sana. Mwaka 1979 Parker na wenzake walitoa dodoso la maswali 25, unamkumbuka mzazi wako mpaka ulipofika miaka 16: alikujali kiasi gani, alikubana kiasi gani. Watu wakauliza, mgonjwa wa sonona si atajibu vibaya tu? Wagonjwa wakapewa dodoso hilo wakiwa wanaumwa na baada ya kupona. Majibu hayakuyumba sana.

Fundi Rangi:
Yangu yaliyumba.

Mzee wa Kahawa:
Mimi baba yangu sikumbuki amewahi kuniita kwa jina langu. "Wewe" tu. Sijui kwa nini nimeandika hapa.

Kijana wa Kizota (mleta mada):
Asanteni wakuu. Fundi, silali vizuri, ni kweli. Mzee, shikamoo, karibu kwenye uzi.

Mrejesho: jana nilimpigia mama nikamkumbusha ile posta. Alinyamaza, nikajua nimeshaharibu. Kisha akasema, "Mimi nilidhani unaona ni mchezo. Ulikuwa unakimbia."

Leo mchana nimempigia mchumba mwenyewe, sikumpitia mtu. Simu imeita mpaka ikakatika. Baadaye akatuma: "Niko kwenye daladala, nikishuka nakupigia." Ni dakika 40 sasa.

Mjukuu wa Bibi:
Usimtume mtu kuuliza ameshukia wapi.