Wiki nne za vidonge vya wasiwasi: mwongozo au amri?

Wakuu, tujadili hili. Mwaka 1988 wadhibiti wa dawa Uingereza walielekeza kwamba benzodiazepini, yaani diazepamu na wenzake, zikitumika kwa wasiwasi, uwe mkali tu, na kwa wiki mbili hadi nne. Kuna wanaotaka mwongozo wa namna hiyo uwe amri: wiki ya nne ikiisha, mfamasia asitoe tena, mgonjwa awe nani awe nani. Mimi nasema ukomo huo unamfaa anayeanza. Kwa aliyekwisha kuzizoea, amri hiyo inaweza kumuua.

Dawa hizi huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo. Zikitumika muda mrefu, ubongo huacha kuitikia kemikali hiyo kama zamani. Sasa mnyang'anye mtu vidonge ghafla: usingizi unapotea, mikono inatetemeka, wasiwasi unarudi kwa kishindo, na wengine hupata degedege.

— Mkuu, umeruka chanzo. Diazepamu iliingia sokoni 1963 ikisifiwa kuwa salama kuliko babitureti, dawa za usingizi za zamani. Ni kweli ilikuwa salama zaidi, na ndiyo maana madaktari wakaigawa kama njugu. Bila amri tutarudi kule kule. Mzee anaamka usiku kwenda chooni, dawa bado iko mwilini, anayumba, nyonga inavunjika. Akichanganya na pombe, au na dawa za maumivu za jamii ya mofini, pumzi inaweza kukata. Marekani waliweka onyo zito kuhusu mchanganyiko huo wa pili mwaka 2016, na 2020 wakaongeza la utegemezi. Mnataka ushahidi gani tena?

— Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, naomba niwaingilie. Dawa za wasiwasi za kila siku kama setralini huchukua wiki kadhaa kushika, na siku za mwanzo mgonjwa anaweza hata kuhangaika zaidi. Hapo lorazepamu, ndugu yake diazepamu, ya siku chache inasaidia sana. Kinachotuponza ni mgonjwa kupewa pakiti bila kuambiwa ataacha lini. Tarehe ya kuacha iandikwe kwenye cheti siku ile ile ya kwanza, na aulizwe kuhusu pombe. (Aulizwe kwa upole, maana akiona anahukumiwa atadanganya.)

Dada muuguzi, hapo tuko pamoja. Lakini aliyetumia miaka kumi? Huyo hupunguziwa polepole, asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki mbili hadi nne, tena daktari akimwangalia. Aliyekuwa na miligramu 10 za diazepamu kwa siku anashuka hadi 9: kidonge kimoja cha 5 na viwili vya 2. Akiyumba, anasubiri hapo hapo kabla ya kushuka tena. Safari hiyo inaweza kupita mwaka. Mnaotaka amri, huyu mtu wiki ya tano mnampeleka wapi, kwa muuza vidonge bandia?