Mke ana mimba ya miezi saba: nilipe bima ya afya ya SHA ya mwaka mzima au niweke pesa za kujifungua?

FundiMageti: Salaam wanajukwaa. Mimi ni fundi wa kuchomelea Kongowea, Mombasa, sina payslip. Nilijisajili SHA, nikaulizwa paa la nyumba ni la nini, choo cha aina gani, maji natoa wapi, ili wakadirie kipato changu, ndipo ikaja 600 kwa mwezi. Lakini sisi wa jua kali tunatakiwa tulipe mwaka mzima kwa mpigo, yaani 7,200. Enzi za NHIF, bima ya serikali iliyotangulia SHA, nilikuwa nalipa 500 mwezi kwa mwezi. Sasa nina elfu nane tu kwenye M-Pesa, na mama mkwe ashasema nisithubutu kuzitoa, eti SHA hailipi hospitali. Nishaurini.

BiMwanaisha: Lipa mwanangu. SHA inatoa 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Akipasuliwa, hizo elfu nane zako utazitazama tu. Ile Linda Mama, mpango wa kujifungua bure tuliouzoea, usiitegemee tena.

KijanaLikoni: Bi, mkwe wake hajakosea. Februari 2025 hospitali za binafsi chini ya chama chao RUPHA zilisimamisha huduma za SHA kwa sababu ya madeni waliyokuwa wakiidai. Dada yangu kliniki moja ilimwambia atoe cash kwanza, SHA ikilipa atarudishiwa. Bado anangoja.

NesiPwani: Basi aende ya serikali. Fundi, sikiza. Mkeo umemwandikisha kama mtegemezi wako, kwa namba ya kitambulisho chake? Nawaona kila wiki: mume amelipa vizuri, saa nane za usiku karani anatafuta jina la mama kwenye mfumo halipo, na mama mwenyewe ameshika ukuta uchungu umemkaba. Kliniki ya kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani Level 2 na 3, hulipwa na mfuko wa afya ya msingi, hata kama hujachanga. Kuzaa kuko chini ya SHIF, mfuko wa michango yenu ya SHA, na huko lazima uwe umelipa.

TichaKilifi: Wewe angalau unapanga utoe lini. Sisi tunakatwa 2.75% ya mshahara wote, haina kikomo. NHIF mwisho ilikuwa 1,700. Mwenye laki moja sasa anatoa 2,750, na foleni ni ile ile.

NesiPwani: Ticha, malalamiko yako ni ya haki, lakini fungua uzi wako. Hapa kuna mama wa miezi saba.

FundiMageti: 😂 Na hii Lipa SHA Pole Pole je?

BiMwanaisha: Ni mkopo huo. Unalipiwa mwaka, wewe unarejesha kidogo kidogo. Kwa vile pesa unayo, lipa taslimu, hiyo mia nane inayobaki iwe ya tuktuk. Nguo za mtoto tutachanga.

FundiMageti: Shukran. Nimeingia tovuti ya SHA ya Afya Yangu saa hii, nipo peke yangu, jina la mke halipo. Kesho asubuhi tunaenda sote Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, na vitambulisho, nikitoka hapo ndio nalipa.