Marudio kwenye muheme: nikate au niache?

Kijana_Chamwino: Mbukwenyi wakuu. Nahariri video ya harusi ya binti wa baba mdogo. Kina mama wa muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wameimba kama dakika 20, mwanzilishi anatoa mstari, wenzake wanaitikia "yelele" mpaka basi. Bwana harusi, wa Dar, anataka dakika 3 tu "zenye maneno". Nikikata napoteza nini?

Makole_Boy: Kata mkuu, bando ghali.

MamaWaMvumi: Mwanangu, subiri kwanza. Ngoma hiyo naipiga tangu usichana wangu, unaibana mapajani, na kabla ya hapo umeiotesha moto ngozi ikaze. Kazi yote iko kwenye kiitikio. Wenzangu wakipokea, mimi napata nafasi ya kufikiri: nani katoa mbuzi, shemeji gani kachelewa, wifi gani ana mdomo. Mistari hiyo hatuji nayo kutoka nyumbani. Wapokeaji wakilegea, naishiwa.

Halafu hiyo "yelele" unayoidharau, isikilize kwa spika nzuri. Hatuitikii kwa sauti moja: huyu juu, huyu chini, mwingine anaivunja kooni. Maneno mengi yangetukwamisha. Marehemu mzee Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu aliyefariki 2003, alizungukia nchi za watu na sauti hizo za Kigogo, na wasikilizaji wengi hawakujua Kigogo hata neno. Zamani muheme ulikuwa wa unyago, siku hizi unausikia mpaka kanisani wakati wa matoleo, na kupokezana ni kulekule.

Abuu_Kondoa: Kweli mama. Hata zikri ya Kadiria, tarika ya Kisufi, iko hivyo. "La ilaha illa Llah" inarudiwa mpaka pumzi za watu zinakwenda pamoja. Ukikata marudio, zikri imekwisha.

MamaWaMvumi: Hapo tunaachana kidogo, baba. Ninyi mnamkumbuka Mungu. Sisi siku ile tulikuwa tunamsema shemeji.

Makole_Boy: 😂😂

MamaWaMvumi: Kama lazima ukate, usikate katikati ya kiitikio. Ngoja ngoma zibadilike, ndipo ukate. Na nakala nzima wape kina mama.

Kijana_Chamwino: Asante mama. Nimeisikiliza upya na bibi akinitafsiria. Dakika ya 14 kuna mstari wa ng'ombe wa mahari waliobaki, na jina la bwana harusi limetajwa mara nne. Kumbe ndiyo maana anataka dakika 3.