Mrejesho: ISO ya kupigia picha ndani usiku

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Niliuliza niweke ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) ngapi maana picha za ndani usiku zilikuwa zinatoka na ukungu, nipo kwenye ISO 400 shata (muda kamera inaopokea mwanga) inashuka hadi 1/30 ya sekunde, mtu akigeuza kichwa tu sura imevutika. Wengi mkasema pandisha ISO usiogope chengachenga (vile vidoti vidoti kwenye picha), basi nikaweka ISO oto, mwisho 6400, shata isishuke chini ya 1/250, uwazi wa lenzi nikauacha f/2.8 ile ile.

Aisee tofauti ipo! Kamera yenyewe ikawa inacheza kwenye 3200 hivi, na hesabu inakubali kabisa, kutoka 400 kwenda 3200 ni hatua tatu (kila hatua ni kuzidisha mara mbili), ndo hizo hizo zilizohamia kwenye shata. Kope za mtu zinahesabika. Chengachenga zipo, ukizumu kwenye nguo nyeusi unaziona, ila kwenye skrini ya simu nani ataziona?

Yule aliyesema nipige giza giza kwa ISO ndogo halafu nije kung'arisha kwenye kompyuta, nimejaribu mkuu, kwa kamera yangu hapana, vivuli vimejaa madoadoa ya rangi kuliko hata 3200.

Vitu visivyotembea naweka stendi, ISO 100, naweka taima ili kidole kisitikise, safi kabisa.

Kilichobaki ni mistari inayotokea chini ya baadhi ya taa, nikishusha shata hadi 1/100 inapotea ila wanaocheza ndo wanaanza kuvutika tena, hapo mnafanyaje?