Vali ya mitrali inavuja: nani anafaa kupasuliwa kupitia ubavuni?

Kipimo_Eko
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mgonjwa wa miaka 61, vali ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) inavuja sana: kipande cha nyuma kimelegea na uzi wake mmoja umekatika. EF (sehemu ya damu ambayo moyo husukuma nje kwa kila pigo) ni asilimia 62, mishipa ya moyo haijaziba, sigara aliacha. Amepewa njia mbili: kupasua mfupa wa kidari, au tundu dogo ubavuni kulia. Ni vitu gani humtoa mtu kwenye njia ya pili? Na ile ya kupitia mshipani bila kufungua kifua, inamfaa?

Nyuzi_na_Pete
Kwanza hiyo asilimia 62 isiwafanye mtulie. Vali ikivuja hivyo, sehemu kubwa ya damu inarudi nyuma kirahisi, kwa hiyo moyo huonekana una nguvu kuliko ulivyo. Ikifika 60 kushuka chini, au chumba cha chini cha kushoto kikibana na bado kina upana wa milimita 40 au zaidi, misuli imeshaanza kuchoka. Msingoje huko.

Kuhusu tundu: kinachopungua ni kidonda cha nje tu. Ndani kazi ni ile ile. Moyo unasimamishwa, mashine ya moyo na mapafu inashika zamu, kipande kilicholegea kinashikizwa kwa nyuzi bandia, kisha pete inashonwa kuzunguka vali. Tofauti ni kwamba daktari anaingia kwa sentimita 5 hadi 7 kati ya mbavu, akisaidiwa na kamera, na mirija ya mashine inawekwa kwenye mishipa ya kinena.

Hapo kinenani ndipo hatari yake ilipo. Damu kutoka kwenye mashine inapanda kinyume, kutoka pajani hadi kwenye aota, mshipa mkuu utokao kwenye moyo. Kama kuta za aota zina mafuta na chokaa, vipande vinaweza kung'oka na kupanda hadi kwenye ubongo: kiharusi. Kwa hiyo CT skani yenye dawa ya kuonyesha mishipa, kuanzia kifuani hadi kinenani, ifanyike kabla ya kuamua. Kwa aliyewahi kuvuta sigara, mimi siiruki.

Wanaotolewa kwa kawaida:
- aota au ateri za nyonga chafu, nyembamba mno au zilizojipinda;
- vali ya aota inayovuja zaidi ya kidogo, maana dawa ya kusimamisha moyo huvujia ndani ya chumba badala ya kuingia kwenye mishipa ya moyo, na moyo unatanuka bila kinga;
- kifua cha kulia kilichowahi kupasuliwa au pafu lililogandamana na ukuta kwa makovu, kwa mfano baada ya kifua kikuu;
- chokaa nyingi kwenye mzingo wa mitrali;
- anayehitaji pia kupandikiziwa mishipa ya moyo.

Zamu_ya_Usingizi
Niongeze upande wa nusukaputi. Mara nyingi pafu la kulia linatolewa hewa ili daktari aone, mgonjwa akipumua kwa la kushoto. Kwa hiyo kipimo cha nguvu ya mapafu ni lazima, hasa kwa historia ya sigara.

Moyo ukifunguliwa kupitia tundu dogo, ni vigumu kuitoa hewa yote kwa mkono. Ndiyo maana kaboni dioksidi hupulizwa kwenye jeraha: inayeyuka kwenye damu upesi kuliko hewa ya kawaida. Muda wa kwenye mashine nao huwa mrefu zaidi, jambo lisiloipendeza figo dhaifu.

Kabla ya kufunga, eko ya kooni (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kifaa kikipitia kooni) irudiwe moyo ukiwa unapiga. Uvujaji wa maana ukibaki, mgonjwa anarudishwa kwenye mashine palepale. Na fomu ya ridhaa itaje wazi kwamba kidari kinaweza kufunguliwa ikilazimu.

Kipimo_Eko
Asante. Na ya mshipani?

Nyuzi_na_Pete
Watu huchanganya tatu. Puto ni la vali iliyobana, hasa kwa homa ya rumatiki, na halitumiki kwa inayovuja, litaizidishia. TAVI, yaani kuweka vali mpya kupitia mshipani, kwa kawaida ni ya vali ya aota, ile aliyoianzisha daktari Alain Cribier huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002. Inayohusu kesi yenu ni klipu: inapanda kwenye vena ya paja, inatoboa ukuta kati ya vyumba vya juu, inabana vipande viwili vya vali pamoja. Ni msaada mkubwa kwa ambaye upasuaji ni hatari mno kwake, lakini mara nyingi huacha uvujaji kiasi. Kwa miaka 61 na mwili mzima, mimi ningerekebisha vali.

Wodi_ya_Kifua
Msidhani tundu dogo halina maumivu. Neva zinapita chini ya kila ubavu, na siku za mwanzo huenda ikauma kama kidari au kuzidi. Dawa za maumivu zitolewe kwa saa maalumu, zisingoje alalamike, la sivyo hatapumua kwa kina wala kukohoa, na makohozi yataganda pafuni.

Mrija wa kifuani: ukitoa damu zaidi ya mililita 200 kwa saa, saa mbili tatu mfululizo, daktari aitwe. Ukikauka ghafla huku shinikizo la damu likishuka, aitwe haraka zaidi. Huenda bonge la damu limeziba mrija na moyo unabanwa.

Mapigo kwenda ovyo ni jambo la kawaida, hasa siku ya pili hadi ya nne. Aliyefunguliwa kidari asinyanyue zaidi ya kilo 5 kwa wiki 6 hadi 12. Wa ubavuni wengi huachiwa mapema, wiki chache tu. Kinena kikivimba au kutoa maji angavu, kikaguliwe, ni njia ya limfu inayovuja.

Meno yatibiwe kabla ya upasuaji. Baadaye, homa ikivuka nyuzi 38, damu ichukuliwe ikaoteshwe maabara kwanza, ndipo antibiotiki ianze.

Nyuzi_na_Pete
Muulizeni daktari wenu anarekebisha vali ngapi kwa mwaka, ngapi huishia kubadilishwa, na mara ngapi hulazimika kufungua kidari. Kama ubavuni anaifanya mara chache, chukueni kidari kwake, au tafuteni anayeifanya kila wiki.