Mrejesho: maharage yaliyogoma kuiva wiki ya mitihani

Swali lilikuwa hili: sufuria moja ya maharage ya kula wiki nzima ya mitihani, saa 3 jikoni, bado magumu. Asanteni, mchawi kapatikana: nyanya ziliingia mapema. Asidi yake hukaza ganda, na ukishafika hapo kuongeza moto ni kazi bure.

Kipimo kilichokubali: maharage nusu kilo, maji lita 2, chumvi kijiko kikubwa 1, yalale usiku kucha. (Chumvi ya kulowekea hulainisha ganda, ile habari kwamba huyafanya magumu si kweli.) Mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10, hasa yakiwa mekundu, kwani yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi. Kisha punguza moto, dakika 60 hadi 90. Binya moja kwa vidole: likipondeka bila kiini kikavu katikati, ndipo mimina nyanya zilizokaangwa na vitunguu, dakika 15 tu.

Gawa kwenye vyombo vifupi yapoe haraka. Kwenye friji siku 3 au 4. Ya mwisho wa wiki yaende friza. Ukipasha, ongeza maji robo kikombe, maana mchuzi huwa mzito.